Nilimsikia, Sikumwona

Emoyeni,
11 Oktoba 1999

Mjomba Mavuso,

Mama amesema nisianze habari za ndege kabla ya kukusalimia, kwa hiyo nakusalimia: sote wazima, goti lake linamsumbua, ng'ombe amezaa dume. Sasa ndege.

Juzi Jumamosi nilifanya orodha ya ndege wa majira ya machipuko, ile ambayo serikali inaitaka kabla ya kuamua juu ya malisho ya juu. Nilitoka nyumbani kukipambazuka, ukungu mzito kiasi kwamba nilisikia viatu vyangu bila kuviona. Siku za namna hiyo ndizo unazozipenda wewe: ndege wadogo wa kahawia kila mahali, wote wamevaa nguo moja, na huna chombo ila masikio. Fundi Cherehani alikuwa juu anashona, tik, tik, tik. Mkasi alishuka akikata hewa kwa mabawa. Majina yako haya wageni ninaowaongoza wanayacheka, lakini wakirudi kwao ndiyo wanayoyakumbuka. Nilipoteza nusu saa kwa kidenenda mmoja aliyekaa juu ya bua bila kusema neno. Nikamtafuta kitabuni kurasa nne, mwisho nikaandika "sijui", kama ulivyonifundisha. Nakuambia haya ili ujue kwamba sikuwa na papara.

Halafu, saa moja kasorobo, karibu na ua wa mawe, nikamsikia Kichwa. Kipozamataza wetu adimu, mwenye kichwa kikubwa na mkia uliokatwa na mtu mwenye haraka. Aliimba ndani ya ukungu filimbi zake tatu, kisha akaongeza ya nne inayopanda, ile uliyokuwa ukiniigizia kwa mdomo nilipokuwa mdogo. Mjomba, nilisimama pale nikalia. Sikumwona. Nilingoja saa nzima, ukungu haukuondoka. Lakini wimbo ule siwezi kuukosea, nikaandika: Kichwa, mmoja, kwa sauti.

Unajua maana yake. Kichwa akiwepo, trekta halipandi. Yule mkulima wa viazi wa ng'ambo ya mto ametuahidi kazi arobaini, na Zwelakhe Shabangu, niliyekaa naye dawati moja, ameshaambiwa yeye ndiye dereva. Ardhi tumerudishiwa mwaka jana tu na watu wamechoka kuitazama. Karatasi nimempelekea Bi. Verster wa serikalini. Naogopa kidogo. Kidogo tu.

Mpwa wako,
Thobekile Yende

*

Pietermaritzburg,
18 Oktoba 1999

Mpwa wangu Thobekile,

Barua yako nimeisoma nikiwa zamuni, hapa makumbusho, mbele ya yule tembo aliyejazwa majani. Mlinzi mwenzangu akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ni furaha tu inatoka kwa njia ya macho. Miaka mingapi sijasikia habari ya Kichwa pale juu. Mimi niliyechunga pale tangu sina meno ya mbele.

Ila hebu nikuulize mambo mawili matatu, usinione mzee msumbufu. Hukumwona kabisa, hata akiruka? Sauti ilitoka juu angani, au ilitoka chini, upande wa barabara? Ilinyamaza polepole au ilikatika ghafla? Na siku ile palikuwa na wageni wowote wenye gari? Nauliza tu. Mtu akizeeka hupenda kujua kila kitu.

Jingine. Usipande malisho ya juu peke yako mpaka mambo yapoe. Baba yako hayupo, mimi niko mbali, na silaha zangu zote ni rungu moja na tochi. Watu wenye njaa nawajua, nimekuwa mmoja wao. Hawana ubaya mpaka siku wanapokuwa nao.

Mwambie dada yangu aache kubeba maji na goti lile.

Mjomba wako,
Elphas Mavuso

*

Emoyeni,
28 Oktoba 1999

Mjomba,

Wewe unaniuliza upande wa barabara, na mimi huku naulizwa kama nyumba yangu naipenda.

Barua ya serikali ilifika Jumatano ya wiki iliyopita: kilimo kisimame, ndege adimu amesikika. Jina langu limeandikwa pale chini, kamili, na Kamati ya Ardhi wakalisoma mbele ya watu. Jioni hiyohiyo Zwelakhe akaja. Hakuvua kofia. Mama akamwekea sima na maziwa lala, hakugusa. Tangu lini mtoto wa MaKhoza anakataa chakula cha Mama? Mwaka ule wa ukame alikuwa anakula kwetu zaidi kuliko kwao.

Akasema, "Thobekile, ndege mmoja anakula chakula cha watu arobaini."

Nikamwambia, "Kwani nimemleta mimi?"

"Hukumleta. Ila umemsikia peke yako. Tumekaa hapa miaka yote, hakuna mwingine aliyemsikia."

Akaondoka. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Zwelakhe ninayemjua mimi hupiga kelele hata akiomba chumvi.

Jumanne asubuhi nikafungua mlango, zulia la mlangoni limelowa mafuta ya taa. Juu yake kimewekwa kiberiti kizima, hakijawashwa hata njiti moja. Mama akakiokota akawashia jiko, akasema hatutupi kitu kizima. Lakini tangu siku hiyo ndoo mbili za maji zinakaa kando ya kitanda chetu. Kisimani wanawake wananipa nafasi nichote kwanza ili niondoke upesi. Mbwa akibweka nahesabu anabweka mara ngapi. Nimechoka kuogopa, Mjomba, na bado naogopa.

Wageni walikuwepo, ndiyo. Mjerumani mmoja mzee na mkewe, gari jekundu, wameegesha barabarani chini ya ua wa mawe. Niliwakuta nikirudi. Walikuwa wamefurahi sijui kwa nini, wakanipungia mikono. Umeuliza ya nini? Barua yako imejaa maswali kama ya polisi.

Thobekile

*

Pietermaritzburg,
4 Novemba 1999

Thobekile mwanangu,

Hii ni mara ya nne naandika barua hii. Zile tatu nimezichana.

Mwaka 1987 alikuja pale kwetu bwana mmoja wa makumbusho na mashine ya kunasa sauti. Mimi nilimbebea. Siku moja akaumwa tumbo, akaniachia mashine, na mimi nikaketi kwenye ua wa mawe asubuhi nzima nikamnasa Kichwa. Yule Kichwa alikuwa na kituko chake: wenzake wote huishia filimbi ya tatu, yeye huongeza ya nne. Sijapata kumsikia mwingine wa hivyo, wala yeye mwenyewe baada ya kiangazi kile. Ndege mdogo haishi miaka kumi na miwili, mwanangu. Uliyemsikia alikufa ukiwa bado shule.

Bwana yule alinipa nakala ya kaseti. Mimi nimeitoa nakala nyingine, nawauzia wageni hapa nje ya geti. Huicheza nyikani, na ndege aliye hai akidhani ameingiliwa nyumbani kwake hutoka kuja kugombana, nao humwona. Mwezi wa Septemba akaja Mjerumani mzee mwenye gari jekundu. Aliniuliza hii ilinaswa wapi. Nikamchorea ramani kwa mkono wangu, mpaka ua wa mawe nikauchora.

Niliposoma barua yako ya kwanza nilifurahi kweli. Kisha nikafika kwenye filimbi ya nne, nikaikunja barua. Sikuwa na ujasiri wa kukuambia, ndiyo maana nikajificha nyuma ya maswali.

Sasa nisikilize. Yule mzee amesharudi kwao. Anayejua ni mimi na wewe tu. Nyamaza. Nyasi zile zikishalimwa hazirudi, wewe utapokonywa beji ya uongozaji, na mimi watanifukuza hapa. Na wale walioweka mafuta mlangoni wakijua kwamba ndege mwenyewe alikuwa kaseti, nakuogopea kuliko sasa. Nyamaza tu, mwanangu.

Mjomba wako

*

Emoyeni,
13 Novemba 1999

Mjomba,

Barua yako nimeichoma. Mama ameniuliza umesema nini, nikamwambia unamsalimu. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumdanganya kuhusu wewe.

Sitakuambia jinsi nilivyokasirika, utaniona tukikutana. Nilikuwa najua wimbo ule kuliko jina langu. Nililia kwenye ukungu kwa sababu ya betri nne ndani ya redio ya Mjerumani. Na watu wamenyimwa kazi kwa machozi yale.

Bi. Verster ameandika: anakuja tarehe 22 kuhakikisha. Nitaulizwa mbele ya watu. Nikinyamaza, Zwelakhe hapandi trekta kwa ajili ya ndege asiyekuwepo, na kila nikipita kwa MaKhoza nitakuwa mwizi. Nikisema, malisho yamekwenda. Na mambo yote mawili yananifikisha kwenye kiberiti kilekile.

Kwa hiyo ulivyonikataza ndivyo nilivyofanya. Kila asubuhi napanda peke yangu, natembea mistari, huku na kurudi, natafuta Kichwa aliye hai. Mara mbili nimeona mtu amesimama barabarani ananitazama, amejifunika blanketi. Sijamtambua. Natembea nikijua yupo mgongoni.

Siku ya saba karibu nimkanyage ndege. Mdogo, wa kahawia, ametoka miguuni pangu bila sauti. Kiota chini ya shungi la nyasi, mayai matatu. Nilikaa mbali nikangoja arudi. Alirudi kwa miguu, anasimama, anatembea, anasimama. Miguu mirefu. Kifua kina michirizi. Kichwa kikubwa, nadhani. Katikati ya utosi pana mstari mweupe, nadhani. Nimesema nadhani kwa sababu namtaka awe yeye mpaka siamini tena macho yangu. Sijamwambia mtu, maana mayai matatu chini ya buti la mtu ni kazi ya nukta moja.

Nimekuchorea. Niambie ni nani. Ukinidanganya safari hii, usiniandikie tena.

Thobekile

*

Pietermaritzburg,
17 Novemba 1999

Mpwa wangu,

Nimempa barua hii dereva wa lori la mkate aliyeniapia itakufikia kabla ya tarehe 22.

Maneno yako yanasema Kichwa. Mchoro wako unasema Karani.

Umeandika kichwa kikubwa, lakini umemchora kichwa cha kawaida. Umeandika mstari wa utosi, lakini penseli yako haikuugusa utosi. Na mkia umeuchora mrefu, na pembeni yake umeweka vile vimstari viwili vya kuonyesha kwamba unashuka na kupanda kila anaposimama. Nani mwingine hufanya hivyo? Ni Karani anayetia sahihi. Yuko kila shamba, kila uwanja wa mpira. Hakuna serikali itakayosimamisha trekta kwa ajili yake. Mkono wako ulikuwa mkweli kuliko moyo wako, na mkono huo niliufundisha mimi, kwa hiyo angalau kitu kimoja nilikifanya vizuri.

Nilikuwa naweza kuandika "ndiye". Niliandika, nikaitazama karatasi, nikaichana.

Uliloniuliza nimekujibu. Sasa ambalo hukuniuliza: nilikuambia unyamaze kwa sababu niliogopa kibarua changu, hizo nyasi nilizitanguliza kama kisingizio. Ukisimama mbele ya watu, taja jina langu. Sema kaseti ni ya Elphas Mavuso, ndugu wa mama yako, na kwamba wewe hukujua. Kesho naenda kumwambia mkuu wangu hapa mwenyewe, asije akasikia kwa mwingine.

Mjomba wako,
Elphas

*

Emoyeni,
1 Desemba 1999

Mjomba,

Naandika nikiwa nimekaa juu ya ua wa mawe, penseli ndiyo hii ya orodha, usinilaumu kwa mwandiko. Nitakueleza kwa mpangilio.

Barua yako ilifika asubuhi ya tarehe 22. Mkutano ulikuwa shuleni, watu walijaa darasani mpaka madirishani. Bi. Verster aliniuliza kama nasimama na maandishi yangu. Nikasema hapana. Nikaeleza kaseti, Mjerumani, wewe, yote. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha karibu wote wakacheka. Mzee mmoja akaniuliza kama mwakani nitamsikia na simba wa redioni. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe, sikujiandaa kwa kicheko, nikasahau hata pa kuweka mikono. Bi. Verster akakata mstari wa Kichwa orodhani kwa wino mwekundu, akaomba beji yangu, nikaivua. Zwelakhe hakucheka. Alinitazama mpaka nikatoka.

Ruhusa ya kulima ikatoka Ijumaa. Mlangoni petu hakuna aliyeweka kitu tena, lakini ndoo za maji bado ziko kando ya kitanda. Mama hataki ziondoke.

Leo ndiyo siku ya kuanza. MaKhoza tangu alfajiri anakaanga maandazi ya wafanyakazi wote arobaini, na Zwelakhe ana ovaroli mpya ya bluu. Mama alinikataza kupanda. Nilipanda. Nilitaka kuona mwisho wake, na nilitaka kujua kama Karani wangu ameshatoa vifaranga. Wametoka, nyumba tupu.

Zwelakhe alilima mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye kona ya juu alipogeuza, injini ikashuka sauti, na hapo nikasikia filimbi. Tatu. Nikajiambia, Thobekile, usianze. Nikatafuta barabarani kama kuna gari, hakuna. Nikatazama juu, jua kali, hakuna ukungu: kitone kimoja kinapanda na kushuka mbele ya trekta. Tatu, kimya. Tatu, kimya. Akashuka. Nikaenda kwa tumbo kwenye nyasi mpaka nikamfikia hatua ishirini. Amesimama juu ya bonge la udongo mpya, kichwa hakilingani na mwili, mkia mfupi mwembamba, hautikisiki. Akainama kudonoa. Mstari wa utosi niliuona, Mjomba. Safari hii sisemi nadhani.

Trekta lilikuwa linarudi. Unajua niliwaza nini? Niliwaza kunyamaza. Nani ataniamini? Wameshanicheka. Nikinyamaza hakuna atakayejua, kama vile wewe ulivyosema kuhusu kaseti. Nikasimama mbele ya trekta kabla sijawaza zaidi. Lilisimama karibu mpaka nikahisi joto lake usoni.

Zwelakhe akasema, "Toka."

"Yupo," nikasema.

"Nani?"

"Unajua nani."

Nilidhani atashuka anipige. Akazima injini. Ndege akapanda tena akaimba, pale pale juu yetu. Zwelakhe akamfuata kwa macho mpaka akashuka.

"Ndiye huyu? Mdogo hivi?"

"Ndiye."

"Una hakika, au ni kama ile nyingine?"

"Ile nilimsikia, sikumwona. Huyu nimemwona. Na wewe umemwona."

Akavua kofia akajifuta uso. Akasema, "Siku ile darasani ulijisema mwenyewe mbele ya watu wote. Ungekuwa umenyamaza siku ile, leo ningepita juu yake na juu yako." Kisha akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayetaka kulia, "Nakuamini, na nakuchukia kwa hilo, Thobekile. Mpaka kesho."

Akachomoa ufunguo wa trekta, akaniwekea mkononi.

"Nenda ukamwambie mama yangu wewe mwenyewe. Mimi siwezi."

Ameshuka kwa njia ya ng'ombe, hakugeuka. Ninauona moshi wa MaKhoza kutoka hapa, na watu wameshaanza kukusanyika uani kwake na vikombe vyao. Ameshaniona, amenipungia mwiko nishuke nile. Yeye hakunicheka siku ile darasani, aliniokotea begi langu lililoanguka.

Mjomba, sijawahi kuogopa namna hii. Nimemaliza kuandika. Nashuka.

Thobekile